Glenn Miller: Kiongozi wa bendi aliyetoweka siku 10 kabla ya Krismasi

Santuri yake ya Jingle Bells ilirekodiwa mwaka 1941 na bado inapigwa redioni kila Desemba. Makala hii inaeleza maisha ya mwanamuziki huyu wa Marekani, na namna ya kuitambua sauti yake halisi unapoitafuta kwenye simu.

Kila Desemba nyimbo za zamani za Krismasi hurudi redioni. Miongoni mwake zipo zile zilizopigwa na bendi kubwa za Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, zama za muziki wa swingi. Swingi ni tawi la muziki wa jazi, na ulikuwa muziki wa kucheza. Ngoma na besi hutembea pamoja bila kusita, tarumbeta zinaita, saksofoni zinaitikia.

Jina linalotajwa sana katika muziki huo ni Glenn Miller. Bendi yake ya kiraia iliyompa sifa ilidumu miaka minne na miezi kadhaa tu. Kisha akaingia jeshini, na mwaka 1944 akatoweka na ndege akiwa na umri wa miaka 40. Ukiandika jina lake leo kwenye simu utaletewa nyimbo nyingi za Krismasi. Baadhi yake zilirekodiwa miaka mingi baada ya yeye kupotea. Ili kujua ipi ni yake na ipi si yake, ni vizuri kwanza kuyajua maisha yake.

Kijana aliyekamua ng'ombe

Alton Glenn Miller alizaliwa tarehe 1 Machi 1904 katika mji mdogo wa Clarinda, jimbo la Iowa, eneo la wakulima. Familia yake ilihamahama, ikaishi Nebraska, kisha Missouri, na baadaye Colorado. Walipokuwa Missouri, Glenn alifanya kazi ya kukamua ng'ombe, na pesa alizopata zikamsaidia kununua tromboni yake ya kwanza. Tromboni ni ala ya shaba inayopulizwa kama tarumbeta, lakini ina bomba refu ambalo mpigaji hulivuta na kulisukuma ili kubadilisha sauti.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1921 katika mji wa Fort Morgan, Colorado. Akajiunga na chuo kikuu cha jimbo hilo, lakini muda mwingi alikuwa akipiga muziki badala ya kusoma. Mwishowe aliacha chuo na kufuata bendi.

Katikati ya miaka ya 1920 aliajiriwa na kiongozi wa bendi Ben Pollack. Humo alikutana na wapigaji hodari kuliko yeye, akatambua kwamba tromboni peke yake isingempa jina. Nguvu yake ilikuwa katika kupanga muziki: kuamua ala ipi ianze, ipi ifuate, zipi zipige pamoja na zipi zinyamaze. Mwaka 1928 alimwoa Helen Burger, na kwa miaka iliyofuata alipata riziki New York kwa kupiga na kupangia muziki bendi za watu wengine. Huko alisoma kwa mwalimu Joseph Schillinger, na kutokana na masomo hayo ukazaliwa wimbo uliokuja kuwa utambulisho wa bendi yake, Moonlight Serenade.

Bendi ya kwanza yavunjika

Mwaka 1937 Miller alianzisha bendi yake mwenyewe. Haikumfikisha mbali. Wapigaji walikuwa wazuri, lakini bendi nzuri zilikuwa nyingi, na msikilizaji hakuwa na namna ya kuitofautisha ya kwake na nyingine. Alipoteza fedha nyingi, na mwanzoni mwa mwaka 1938 akaivunja.

Mwaka huohuo alianza upya, safari hii akiwa na sauti yake maalumu. Katika bendi nyingi za wakati huo tarumbeta au saksofoni ndizo zilizoongoza wimbo. Miller aliweka klarineti juu, na chini yake saksofoni nne zikipiga kwa ulinganifu. Moja kati ya saksofoni hizo ilipiga wimbo uleule wa klarineti, ila kwa sauti nzito zaidi. Matokeo yake ni sauti laini na nene, ambayo mtu akishaisikia mara mbili tatu haimpotei tena.

Redio ndiyo iliyoisambaza sauti hiyo. Katika majira ya joto ya mwaka 1939 bendi ilipata kazi katika ukumbi wa Glen Island Casino, karibu na New York. Ukumbi huo ulikuwa na laini ya kurusha muziki moja kwa moja redioni, hivyo watu waliokuwa mbali sana, ambao wasingeweza kufika kucheza, waliisikia bendi usiku wakiwa nyumbani. Mwaka huohuo alirekodi Moonlight Serenade na In the Mood. Kabla mwaka haujaisha alikuwa na kipindi chake cha redio cha nchi nzima, kilichodhaminiwa na kampuni ya sigara. Mwanzoni mwa mwaka 1942 kampuni yake ya santuri ilimkabidhi santuri iliyopakwa rangi ya dhahabu, kwa kuwa wimbo wa Chattanooga Choo Choo ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni moja.

Santuri ya Krismasi

Tarehe 20 Oktoba 1941 Miller aliingia studio kurekodi Jingle Bells. Nyimbo za Krismasi zilirekodiwa mapema namna hiyo ili santuri ziwahi kufika madukani. Wimbo wenyewe ulikuwa wa zamani. Ulitungwa na James Pierpont na kuchapishwa mwaka 1857, na maneno yake hayataji Krismasi popote. Unahusu raha ya kupanda gari la kukokotwa na farasi juu ya theluji. Miller aliugeuza kuwa swingi. Walioimba ni Tex Beneke na Ernie Caceres, ambao wote walikuwa pia wapiga saksofoni wa bendi, pamoja na kikundi cha waimbaji cha Modernaires. Santuri ilitoka na kibandiko cha Bluebird.

Haikupita hata miezi miwili, tarehe 7 Desemba 1941, Japani ikashambulia kambi ya wanamaji ya Pearl Harbor na Marekani ikaingia vitani. Krismasi ya mwaka huo ikawa ya kwanza ya vita kwa Wamarekani.

Vita hivyo ni sababu mojawapo ya rekodi za Krismasi za zama za swingi kuwa chache. Santuri zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliotoka Asia, na vita vikapunguza shehena zake. Kisha, tarehe 1 Agosti 1942, chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi kikidai malipo bora. Mgomo huo ulidumu zaidi ya mwaka kwa kampuni zote kubwa, na kwa kampuni ya Miller uliendelea hadi Novemba 1944. Yeye alirekodi santuri zake za mwisho za biashara Julai 1942, siku chache kabla ya mgomo kuanza.

Kutoka ukumbi wa dansi hadi kambini

Mwaka 1942 Miller alikuwa na miaka 38 na mapato makubwa. Hata hivyo, aliomba mwenyewe kuingia jeshini. Mwezi Septemba alipiga onyesho la mwisho na bendi yake ya kiraia, kisha akavaa sare na kupewa cheo cha kapteni. Akaunda bendi kubwa ya jeshi la anga, yenye wapiga fidla pamoja na tarumbeta na saksofoni. Muziki wake wa kijeshi ulirekodiwa kwenye santuri maalumu za askari, ambazo mgomo haukuzigusa.

Katikati ya mwaka 1944 bendi ilipelekwa Uingereza. Mwanzoni walilala London, lakini Wajerumani walikuwa wakiushambulia mji huo kwa mabomu ya kuruka yasiyo na rubani. Miller akahimiza wanamuziki wake wahamishiwe Bedford. Siku moja tu baada ya kuhama, bomu lilianguka katika mtaa waliokuwa wakikaa na kuua askari wengi wa Marekani.

Kutoka Bedford walipiga viwanjani mwa ndege na hospitalini kwa majeruhi, na walisikika redioni kupitia BBC. Vilikuwepo hata vipindi vilivyoelekezwa kwa askari wa Ujerumani, ambamo Miller alijaribu kusema maneno machache ya Kijerumani. Agosti mwaka huo alipandishwa cheo kuwa meja.

Safari ya tarehe 15 Desemba

Paris ilikuwa imekombolewa mwezi Agosti, na Miller alitaka bendi ihamie huko kuwa karibu na wapiganaji. Kabla ya kuondoka, bendi ilirekodi vipindi vingi mfululizo ili redio isikose muziki wakati wa safari. Yeye akaamua kutangulia kuandaa mapokezi.

Alasiri ya tarehe 15 Desemba 1944 alipanda ndege ndogo ya injini moja, aina ya Norseman, katika uwanja wa Twinwood karibu na Bedford. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, yenye baridi na mawingu ya chini. Ndani walikuwa watatu: Miller, Luteni Kanali Norman Baessell na rubani John Morgan. Ndege iliruka, na haikuonekana tena.

Kesho yake Wajerumani walianza shambulio kubwa huko Ubelgiji, na ndege moja ndogo iliyochelewa haikushughulisha watu wengi. Bendi ilipotua Paris tarehe 18 Desemba, kiongozi wao hakuwepo kuwapokea. Tarehe 24 Desemba, mkesha wa Krismasi, jeshi lilitangaza rasmi kwamba Meja Glenn Miller hajulikani alipo. Siku ya Krismasi bendi ilipiga redioni kama ilivyopangwa, ikiongozwa na msaidizi wake Jerry Gray.

Yamesemwa mengi kuhusu ajali hiyo. Maelezo yenye uzito zaidi ni hali ya hewa, na hasa barafu iliyoganda katika injini na kuizima ndege ikiwa juu ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Mabaki hayajapatikana. Jina la Miller limechongwa kwenye ukuta wa waliopotea katika makaburi ya Wamarekani karibu na Cambridge, Uingereza. Aliacha mke na watoto wawili waliowalea kama wao.

Jinsi ya kuipata sauti yake halisi

Baada ya vita, bendi yenye jina la Miller ilifufuliwa mwaka 1946 chini ya Tex Beneke, na tangu mwaka 1956 imekuwapo bendi rasmi inayotumia jina hilo. Inapiga kwa mtindo wake na ni bendi nzuri. Lakini nyimbo zake za Krismasi si za Miller mwenyewe. Hizi ni alama nne za kukusaidia:

Kwanza, angalia mwaka. Rekodi yoyote iliyofanywa baada ya mwaka 1944 haiwezi kuwa yake. Jihadhari hapa, kwa sababu mara nyingine mwaka unaoonyeshwa ni ule nakala ya kisasa ilipotolewa, si ule wimbo uliporekodiwa. Tafuta kwa kuandika jina la Glenn Miller, Jingle Bells na 1941 pamoja.

Pili, angalia waimbaji. Majina ya Beneke, Caceres na Modernaires yakitajwa pamoja, umeifikia.

Tatu, vaa spika za masikioni. Santuri za miaka ile zilirekodiwa kwa njia moja ya sauti, kwa hiyo masikio yote mawili husikia kitu kilekile. Ukisikia saksofoni upande mmoja na tarumbeta upande mwingine, hiyo si santuri ya mwaka 1941 kama ilivyotoka.

Nne, sikiliza mikwaruzo. Vumo dogo kama la mafuta yanayokaangwa ni la santuri kuukuu. Vumo hilo likiwa limesafishwa, sauti bado huwa nyembamba kuliko ya leo.

Kuhusu bando, usihofu. Upande mmoja wa santuri ulibeba muziki wa takriban dakika tatu, na faili la muda huo kwa ubora wa kawaida ni kama megabaiti tatu. Ukiipenda, endelea na It Happened in Sun Valley, wimbo wake wa msimu wa theluji, ambao pia ni wa mwaka 1941.