Mzee Aliyesoma Kwihara: Maisha ya Dkt. David Livingstone

Kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja kimejaa habari za wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama ambao kwa jasho lao usharika wetu umefika hapa ulipo. Ni haki yao. Hata hivyo, Kamati iliona vema kwamba ukurasa mmoja utengwe kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa Mlutheri, wala hakupata kuhubiri katika usharika wowote wa Tabora, lakini aliishi jirani nasi kwa muda wa miezi sita na zaidi katika mwaka wa 1872. Wageni wetu watokao dayosisini wakienda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, wataonyeshwa tembe iliyojengwa upya mahali alipokaa. Wengi huitazama, hupiga picha, hurudi zao. Kusudi la ukurasa huu ni kusema mzee huyo alikuwa akifanya nini ndani ya tembe ile.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchini Scotland, katika nyumba ya chumba kimoja. Baba yake, Neil, alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mwalimu wa shule ya Jumapili. Alipotimiza miaka kumi mtoto alipelekwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa mbili usiku. Katika mshahara wake wa kwanza alimpa mama yake sehemu, na sehemu nyingine akanunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu alikiegemeza juu ya mashine ya kusokota nyuzi, akawa anasoma sentensi moja kila apitapo mbele yake. Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku hadi saa nne, kisha akaendelea kusoma nyumbani mpaka mama yake alipomnyang'anya kitabu ili alale.

Tusidhani kwamba alikuwa mtoto mtakatifu. Alipenda vitabu vya safari na vya elimu ya viumbe, na vile vya dini vilimchosha. Mara ya mwisho alipochapwa fimbo na baba yake, kosa lake lilikuwa kukataa kusoma kitabu cha Wilberforce juu ya Ukristo. Neil aliogopa kwamba elimu ya mawe na mimea ingemtoa mwanawe katika imani. Kijana alikuwa na umri upatao miaka kumi na tisa alipokutana na kitabu cha Thomas Dick, mwalimu na mnajimu wa Scotland, kilichomwonyesha kwamba anayechunguza kazi za Mungu hamkimbii Mungu. Tangu siku hiyo hofu ya baba yake haikumsumbua tena. Alisoma Biblia na alisoma majani ya miti, na vyote viwili akavihesabu kuwa ni maandiko ya mkono mmoja.

Mwaka 1836 alianza masomo ya utabibu mjini Glasgow, na mwaka 1840 akawekewa mikono kuwa mmisionari wa Jumuiya ya Misioni ya London. Katika safari ya meli kuelekea Kusini mwa Afrika hakukaa bure. Alimwomba nahodha amfundishe usiku kupima mahali kwa kutumia mwezi na nyota. Miongoni mwa Wabakwena alimfundisha Mfalme Sechele kusoma, na mfalme huyo alizijua herufi zote kwa siku moja. Mwaka 1852, wakati Livingstone akiwa safarini, Makaburu walivamia nyumba yake ya Kolobeng, wakavunja chupa za dawa na kuchana vitabu vyake, na karatasi zikatawanywa huku na huko. Ingekuwa rahisi kwa mtu wa namna hiyo kusema kwamba zama za kusoma zimekwisha.

Ukweli unatulazimu kutaja pia gharama. Mkewe, Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat, alimwoa mwaka 1845. Akafa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Watoto wao walikulia Uingereza bila baba, na mmoja wao, Robert, alikufa mwaka 1864 akiwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Livingstone mwenyewe alipozeeka alikiri kwamba alijutia jambo moja, kuwa hakucheza na watoto wake vya kutosha walipokuwa wadogo. Mwenye kupenda vitabu na safari asome sentensi hiyo mara mbili.

Safari yake ya mwisho ilianzia Zanzibar mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Mnamo Januari 1867 watoro waliondoka na sanduku lake la dawa, na tangu hapo mwili wake ulianza kubomoka. Katika nchi ya Manyema, ambayo leo imo ndani ya Kongo, alilazwa Bambarre kwa vidonda vya miguu kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871. Hakuwa na rafiki wa kuzungumza naye kwa lugha yake, wala barua, wala dawa. Alikuwa na Biblia. Katika muda aliokaa Manyema aliisoma yote, tangu mwanzo hata mwisho, mara nne. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa maji ya mimea. Ilikuwa ni juu ya karatasi za namna hiyo alipoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo wafanyabiashara ya watumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, hata mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Macho yaliyofurahia kuona ua jipya ndiyo yaliyoona damu hiyo, na hayakufumbwa.

Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na mkiwa, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Siku chache baadaye, Novemba 1871, Henry Morton Stanley akamfikia. Stanley alimletea mfuko wa barua uliofungwa Zanzibar mwaka mzima uliotangulia. Mzee aliuweka magotini, akafungua barua moja mbili za wanawe, kisha akataka kwanza aelezwe habari za ulimwengu. Akasimuliwa juu ya Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, juu ya reli iliyovuka bara la Marekani, juu ya vita vya Ufaransa na Prussia. Mtu aliyekaribia kufa kwa njaa alikuwa na njaa nyingine tena, ya kujua.

Wawili hao walifika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Tabora ya siku hizo ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi wa Kinyamwezi walileta vitambaa, shanga na waya. Kutoka Ujiji na Manyema zilikuja pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo. Isitoshe, palikuwa na vita kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mtemi Mirambo wa Urambo, na njia zilikuwa za hatari. Stanley alimsihi mzee arudi naye kwao. Alikataa. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani ili amtumie wapagazi, naye Livingstone akabaki kungoja. Siku tano baadaye alitimiza miaka hamsini na tisa, akaiandika siku hiyo katika kitabu chake kwa maneno ya kujiweka wakf upya kwa Bwana wake.

Kungoja ni kazi ngumu kwa mzee. Wengi wetu twajua jinsi siku zinavyorefuka mtu akisha kustaafu, na jinsi moyo unavyoanza kuhesabu yaliyopita tu. Pale Kwihara, mzee huyo mwenye meno machache na tumbo lenye maradhi alijiwekea kazi. Alishona hema, alitengeneza jibini ya kutumia njiani, alinakili vipimo vyake. Alisoma na kupima maandishi ya wasafiri waliomtangulia. Aliandika barua kwa gazeti moja la New York akiwasihi watu wa Marekani na wengineo wasaidie kukomesha biashara ya watumwa. Alitafakari juu ya misioni, akaona kwamba Injili haina haja ya kungoja pwani iwe tayari kwanza ndipo iingie bara.

Kisha aliwatazama ndege. Uani palikuwa na mikomamanga, na familia ya ndege wadogo wa jamii ya wenye mikia mirefu walikuja hapo. Mzee aliandika kwamba makinda, ingawa manyoya yao yalikuwa yametimia, bado yaliinamisha kifua chini na kuinua midomo yakimbembeleza mama yao ayalishe. Daktari aliyekwisha kuvuka bara la Afrika kutoka bahari hadi bahari, aliyepewa medali na wasomi wa Ulaya, aliketi uani Kwihara akitazama kinda likiomba chakula, akaona ni jambo linalostahili wino. Mtunga Zaburi naye aliwatazama viumbe hivyo hivyo akamsifu aliyewaumba.

Lakini je, kusoma kulimwongoza vema daima? Hapana. Katika vitabu vya kale vya Herodotus, Myunani, alikuta habari za chemchemi za mto Nile, naye akaziamini mno. Alidhani mto Lualaba ndio mwanzo wa Nile. Nyakati fulani shaka ilimjia kwamba huenda mto ule ni Kongo, lakini aliishika ile simulizi ya kale, nayo ikampeleka kwenye vinamasi vya Bangweulu vilivyomwua. Safari ya Stanley ya mwaka 1876 na 1877 ilithibitisha kwamba Lualaba ni Kongo. Twajifunza hapo kwamba kupenda kitabu si kukisujudia. Kilichomtukuza Livingstone ni kwamba kila siku aliandika kile alichokiona kwa macho yake, hata maandishi yake mwenyewe yakawasaidia waliokuja baadaye kumsahihisha.

Wapagazi waliwasili Agosti 1872, na tarehe 25 ya mwezi huo akaondoka Kwihara asirudi tena akiwa hai. Hata alipobebwa kitandani kwa kuhara damu aliendelea kuandika habari za mayungiyungi, samaki na ndege wa vinamasini. Alfajiri moja ya mwanzo wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Yaliyofuata ni sifa ya Waafrika. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba pamoja na maandishi yake yote. Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa shule ya misioni karibu na Nasik, India, ndiye aliyesoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi katika mti. Mnamo Oktoba walipita tena Tabora. Hapo Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wamzike papa hapa, wakakataa. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo, baada ya zaidi ya kilomita 1,500, na tarehe 18 Aprili mwili ukazikwa katika Kanisa la Westminster, London, Wainwright akiwa mmoja wa waliolishika jeneza. Maandishi yalichapishwa mwaka huo huo, kwa msaada wa Susi na Chuma walioyaeleza. Kama wapagazi wale wangeona karatasi kuwa mzigo usio na maana, habari za ndege wa Kwihara tusingezipata.

Wainwright alirudi Afrika. Alifariki Urambo, katika mkoa wetu huu, mwaka 1892, mahali palipokuwa na kituo cha Misioni ya London. Kituo hicho Wamoraviani walikipokea mwaka 1898. Basi njia ya msafara iliyobeba minyororo ndiyo iliyobeba pia kitabu, na wabebaji walikuwa watu wa bara hili.

Usharika wetu unaingia karne ya pili ukiwa na wazee wengi kuliko ilivyokuwa zamani. Nimetembelea nyumba nyingi ambamo Biblia iko juu ya kabati, nayo miwani imevunjika tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeona haja ya kuitengeneza. Twasema kwamba kusoma ni kazi ya watoto wa Kipaimara. Mtume Paulo, akiwa mzee kifungoni na akijua kwamba kufariki kwake kumekaribia, alimwagiza Timotheo amletee joho lake, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Hakuomba joho peke yake. Vijana wa usharika mnaosoma haya, mtakapouliza bibi au babu anahitaji nini, ulizeni kwanza habari za miwani yake. Nasi wazee, jioni tuketipo uani chini ya mwembe, tusione haya kumwita mjukuu atusomee sura moja, kisha tumwonyeshe naye ndege aliyetua tawini.