Artturi Virtanen na Akiba ya Majani

Artturi Ilmari Virtanen alizaliwa Helsinki, mji mkuu wa Ufini, mwaka 1895. Huko theluji hufunika malisho miezi mingi. Na majani mabichi yaliyowekwa akiba mara nyingi yalichacha na kuharibika, hata ng'ombe wakakosa chakula chema na maziwa yakapungua. Virtanen, mjuzi wa kemia, alionyesha ya kuwa majani hayo yakitiwa asidi kwa kipimo na kushindiliwa pasipo hewa, hayaozi, wala nguvu yake haipotei sana. Kwa ajili ya kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Akafa mwaka 1973. Nasi ambao kiangazi ndicho baridi yetu, tukumbuke: Mungu huotesha majani, bali kuyakata na kuyaweka mapema ametuachia sisi.