Kadhi Ibn Rushd na Adabu ya Kuhitilafiana



Wenzetu wa Palma, Mocímboa da Praia na Ibo wanajua mkutano wa mtaa unavyoharibika. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017, wenyeji na waliohama makwao hukaa pamoja kuzungumzia ardhi, maji na misaada, na ni rahisi muulizaji kushukiwa kabla hajamaliza kusema. Tumtazame kadhi mmoja aliyeliona jambo hili zamani.

Abul-Walid Ibn Rushd alizaliwa Cordoba, Andalusia, mwaka 1126, katika nyumba ya makadhi. Babu yake alikuwa kadhi mkuu wa mji huo. Mwaka 1169 aliteuliwa kadhi wa Seville, kisha akarudi Cordoba. Mchana aliamua kesi za watu, na humo humo akasharihi vitabu vya Aristotle. Kitabu cha Aristotle cha siasa hakikumfikia, basi akasharihi cha Plato kuhusu dola. Humo aliukosoa utawala wa zama zake, mji wake mwenyewe ukiwemo, na akasema kuwazuia wanawake wasifanye kazi za mji ni sababu ya umaskini.

Kutoka kwa Aristotle alichukua kwamba tabia njema hujengwa kwa mazoea. Zoezi lake yeye tunaliona katika Bidayat al-Mujtahid. Alikuwa Maliki, lakini anaeleza rai ya Shafi, ya Abu Hanifa na ya wengine, kila moja na dalili zake, kisha sababu ya kuhitilafiana. Hamvunjii mtu heshima ili hoja yake ishinde.

Heshima hiyo yeye mwenyewe alinyimwa. Mwaka 1195 alituhumiwa, vitabu vyake vya falsafa vikachomwa, akahamishiwa Lucena. Inasimuliwa kwamba aliingia msikitini na mwanawe kuswali Alasiri, watu wakawafukuza. Baadaye alisamehewa, akafariki Marrakesh mwaka 1198.

 Vitabu vyake vingi vingali vinasomwa.

Basi likizo hii, ukirudi nyumbani na ukakaa katika mkutano wa mtaa, fanya zoezi la kadhi: kabla ya kumjibu mwenzako, ieleze hoja yake mpaka mwenyewe akiri kuwa ndiyo. Kisha mpinge ukitaka.