Toulouse-Lautrec: Alivunjika miguu, akawachora wacheza dansi

Henri de Toulouse-Lautrec alikuwa mchoraji wa starehe za usiku za Paris.

Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1864 mjini Albi, kusini mwa Ufaransa, katika ukoo wa kitajiri. Bibi zake wa pande zote mbili walikuwa ndugu wa tumbo moja, na inadhaniwa kuwa alirithi ugonjwa wa mifupa. Mwaka 1878, akiwa na miaka 13, alivunjika paja la kushoto. Mwaka uliofuata akavunjika la kulia. Mifupa iliunga, lakini miguu haikurefuka tena. Kimo chake kikaishia kama mita moja na nusu.

Kupanda farasi na kuwinda, mambo aliyoyapenda baba yake, yakamshinda. Akiwa kitandani alishika penseli, na mwaka 1882 akaenda Paris kusomea uchoraji. Alihamia Montmartre, mtaa wa baa na kumbi za dansi. Huko alikaa na wacheza dansi, waimbaji na makahaba, watu waliodharauliwa, akawachora kama binadamu wengine, bila kuwapamba wala kuwacheka.

Mwaka 1891 ukumbi wa Moulin Rouge ulimwagiza bango la matangazo. Hakukimbilia rangi. Kwanza alichora kwa mkaa kwenye karatasi, akipima mguu wa mcheza dansi La Goulue uinuke kiasi gani, sketi ikae vipi, na nani asimame mbele. Bango lenyewe likabaki na mambo machache: mwanamke katikati, kivuli cha mwanamume mbele, na umati mweusi nyuma. Lilipobandikwa kutani, jina lake likavuma mji mzima.

Lakini pombe ilimmaliza. Mwaka 1899 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Akiwa humo alichora michezo ya sarakasi kwa kumbukumbu tu, kuonyesha kwamba akili yake ni nzima, na akaruhusiwa kutoka. Alirudia ulevi, akafariki tarehe 9 Septemba 1901 akiwa na miaka 36.

Mama yake aliupa mji wa Albi kazi zake, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1922. Mchoro ule wa mkaa umehifadhiwa humo: mguu wa dansi ulioinuliwa juu, umechorwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alitembea kwa fimbo.