John Wesley: Mhubiri Aliyezeeka Akiwa Kazini

Kwaya inapohesabu miaka yake huwahesabu pia wachungaji walioilea. Wengi wao leo ni wastaafu. Walikabidhi funguo za ofisi, wakaombewa, wakapewa zawadi, wakarudi nyumbani. Lakini linabaki swali linalotuhusu sote: mchungaji anapostaafu, ni kitu gani hasa kinachostaafu? Katika jubilei hii tumeona vyema kuyasimulia maisha ya John Wesley, ambaye baadhi ya kazi zake kubwa alizifanya akiwa amepita miaka 70.

Wesley alizaliwa Juni 1703 huko Epworth, Uingereza, baba yake akiwa kasisi wa Kianglikana. Mama yake, Susanna, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Alisoma Oxford, akawekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1728, na mwaka 1735 akasafiri kwenda Georgia, Marekani, kufanya kazi ya umisheni. Safari hiyo haikufanikiwa, naye akarudi kwao amevunjika moyo. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa maombi barabara ya Aldersgate, London, moyo wake ulipata hakika ya wokovu. Mwaka uliofuata alianza kuhubiri nje, viwanjani, kwa wachimba makaa ya mawe na maskini ambao wengi wao hawakuwa wakiingia kanisani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa uamsho wa Wamethodisti.

Kwa zaidi ya miaka 50 alikuwa mtu wa njiani, kwanza juu ya farasi, na alipozeeka ndani ya gari la kukokotwa na farasi. Hukadiriwa kwamba alisafiri kilomita 400,000 hivi na kuhubiri mara 40,000 hivi. Alizoea kuamka saa kumi alfajiri, na mahubiri ya kwanza ya siku aliyatoa saa kumi na moja, kabla watu hawajaenda kazini.

Sisi waimbaji tuna deni la pekee kwake. Ndugu yake mdogo, Charles, alitunga maelfu ya nyimbo, naye John akawa mwenye kuzichagua, kuzisahihisha na kuzichapisha. Mwaka 1761 aliandika kanuni za uimbaji ambazo mwalimu yeyote wa kwaya angeweza kuzibandika ukutani leo. Aliwataka wote waimbe, wachovu pia. Mtu aimbe kwa nguvu, lakini asipige kelele hadi kuzifunika sauti za wenzake. Mwendo wa wimbo ufuatwe, pasiwe na wa kutangulia wala wa kuchelewa. Zaidi ya yote, kila neno aimbiwe Mungu. Mwaka 1780, akiwa karibu kutimiza miaka 77, alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo 525, nacho kikawalea Wamethodisti kwa vizazi vingi.

Wesley hakupuuza uchovu wa wazee. Kuanzia mwaka 1763 wahubiri wake walichanga kila mwaka katika mfuko wa kuwasaidia wenzao waliochakaa kwa uzee au ugonjwa, pamoja na wajane na watoto wao. Alijua kwamba mhubiri aliyemaliza nguvu zake barabarani hawezi kushiba kwa shukrani peke yake. Jambo hilo kanisa lolote linalosherehekea lisilisahau.

Lakini lilikuwapo jambo lililomsumbua zaidi: nani angelichunga kundi baada yake? Mwaka 1773, akikaribia miaka 70, alimwandikia rafiki yake John Fletcher, kasisi wa Madeley, akimwomba awe tayari kushika nafasi yake. Fletcher alikuwa na umri wa miaka 43, mtu mtakatifu aliyeheshimiwa na wote. Hakukubali mzigo huo, na mwaka 1785 akafariki, mzee akiwa bado hai.

Kwa kuwa hakupata mtu mmoja, Wesley alichagua njia nyingine. Mwaka 1784 alitia sahihi hati ya kisheria iliyowataja wahubiri 100 ambao, baada ya kifo chake, wangekuwa Konferensi na kuyaongoza makanisa pamoja. Hatua hiyo iliwaumiza wengi. Wahubiri walikuwa karibu 200, kwa hiyo karibu nusu waliachwa nje, wengine wakiwa wametumika miaka mingi. Baadhi yao walikasirika na kuondoka. Mwaka uliofuata aliandika barua, akaagiza isomwe atakapokuwa amekufa. Ndani yake aliwasihi wale 100 wasijitukuze juu ya wenzao bali wawatendee wote sawa. Barua hiyo ilisomwa mbele ya Konferensi ya mwaka 1791, nayo Konferensi ikakubali kuifuata.

Tusimpambe kupita kiasi. Wesley aliushika usukani mpaka mwisho, na wako waliolalamika kwamba anatawala kama papa. Hata hivyo alifanya jambo ambalo viongozi wengi huliogopa: akiwa bado na nguvu, alikubali kuandika kwamba iko siku kazi itaendelea bila yeye.

Na kazi aliyoendelea kuifanya haikuwa ya kuketi kwenye kiti cha heshima. Mwanzoni mwa Januari 1785, akiwa na miaka 81, alitembea kwa miguu siku tano katika barabara za London akiwaombea maskini pesa za mavazi. Theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu, na maji yake ya baridi yakamlowesha kuanzia asubuhi hadi jioni. Alikusanya pauni 200, kisha akalazwa kitandani na ugonjwa. Angeweza kumtuma kijana. Alikwenda mwenyewe, kwa sababu wenye mali wangeona vigumu kumfungia mlango mzee wa umri ule.

Machi 1788 ndugu yake Charles alifariki. Wiki mbili hivi baadaye John alikuwa Bolton akiongoza ibada, akatoa wimbo wa Charles kuhusu Yakobo alipopambana usiku kucha hata alfajiri. Alipofika kwenye maneno ya mtu aliyetanguliwa na wenzake akabaki peke yake, sauti ilimkatika. Akaketi mimbarani, akafunika uso kwa mikono, akalia. Kusanyiko likaacha kuimba, likalia pamoja naye. Baadaye alijikaza, akaendelea na ibada. Kila kwaya iliyowahi kuimba katika mazishi ya mwimbaji wake inaielewa siku ile.

Macho yalififia na miguu ikadhoofika. Mwaka 1790 aliacha kuandika hesabu zake za pesa, alizokuwa ameziweka kwa uaminifu maisha yake yote. Huko Colchester alisimama mimbarani huku wahubiri wawili wamemshika, mmoja kila upande. Sauti yake ilisikika kwa shida, lakini watu walijaa. Oktoba mwaka huohuo alihubiri nje kwa mara ya mwisho, chini ya mti huko Winchelsea.

Tarehe 23 Februari 1791, akiwa na miaka 87, alitoa mahubiri yake ya mwisho kabisa, ndani ya nyumba ya mtu huko Leatherhead, kutoka Isaya 55:6. Kesho yake alimwandikia William Wilberforce, mbunge kijana aliyekuwa akipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, akimtia moyo asichoke. Wesley mwenyewe alikuwa ameandika kijitabu cha kuupinga utumwa mwaka 1774. Mwezi Aprili Bunge liliikataa hoja ya Wilberforce, na ushindi haukupatikana hadi mwaka 1807. Mzee hakuuona, lakini alikuwa amemwachia kijana neno la kumshika mkono.

Siku ya kabla ya kifo chake aliwashangaza waliomzunguka kwa kuanza kuimba wimbo wa Isaac Watts wa kumsifu Muumba maadamu pumzi ingalipo. Usiku alijaribu tena, akaweza maneno machache tu ya mwanzo. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Machi 1791. Kwa agizo lake, maskini sita walilibeba jeneza lake, kila mmoja akalipwa shilingi 20. Aliacha Wamethodisti zaidi ya 70,000 huko Uingereza na Ireland. Mwaka 1862 mbegu hiyo ilifika pwani yetu, wamishenari Wamethodisti walipoanza kazi huko Ribe.

Basi, ni kitu gani hustaafu? Hustaafu ofisi, sahihi ya hundi na uenyekiti wa vikao. Wito haustaafu. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na mchungaji mstaafu asiyemwingilia aliyempokea kazi ni hazina kwake. Anaweza kumtembelea mgonjwa ambaye mchungaji wa sakiti hajamfikia, kumwandikia kijana aliyekata tamaa, kubisha hodi kwa wenye uwezo kwa ajili ya mtoto aliyekosa karo, na kufundisha wimbo ambao vijana hawaujui. Nasi tuna wajibu wetu: tumwalike, tumpe usafiri, tumshike mkono mimbarani sauti inapopungua, wala tusimwache ahesabu siku nyumbani kana kwamba Bwana amemaliza naye.

Leo tunapoimba, wako wastaafu kati yetu. Kiitikio kikifika, tuwasubiri. Kanuni ya mwaka 1761 ingali halali: wote waimbe.