Safari za Dakta Krapf na Milango Aliyofungiwa

Katika siku za yubile yatupasa kukumbuka waliotutangulia. Jina la Dakta Johann Ludwig Krapf lajulikana na wengi, hata watoto wa shule hulitaja. Walakini safari zake wachache tu wazijua. Watu husema kwamba, baada ya zamani za Wareno, yeye ndiye aliyeleta Injili mara ya pili katika pwani yetu. Neno hili ni kweli. Lakini mtu akizifuata safari zake moja moja ataona jambo la ajabu: karibu kila nchi aliyoitamani kwanza alizuiwa kuifikia, na nchi alikofanya kazi hakuichagua mwanzoni. Basi tumeona vema kuzieleza hapa, ili tujue Mungu humtumiaje mtu ambaye milango yake imefungwa.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga sana kwa kosa asilolifanya, hata akaugua muda wa miezi sita. Katika ugonjwa ule alisoma Biblia, na maneno yake yakaingia moyoni mwake. Baadaye, alipokuwa shuleni, alitazama ramani ya Afrika, akaona upande wa mashariki una majina machache mno, na mahali pengi ni patupu. Akashangaa moyoni, akitaka kujua kama nchi zile hazina watu. Tangu siku hizo hamu ya safari haikumtoka.

Alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, kisha akapokewa na chama cha C.M.S. cha Uingereza. Mwaka 1837 akatumwa Uhabeshi. Alianza kazi katika nchi ya Tigre, lakini mwaka 1838 wamisionari wakafukuzwa. Mwaka 1839 akaingia kwa njia nyingine, akafika Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko karibu miaka mitatu. Huko alipata habari za Waoromo, ambao wageni wa siku zile waliwaita Wagalla. Aliona ni watu wengi, wenye nguvu, walioenea mbali kuelekea kusini. Akawaza kwamba wakiipokea Injili hao, wao wenyewe wataichukua hata katikati ya Afrika. Nia hii ndiyo iliyoongoza safari zake, na hii ndiyo nia ambayo hakuitimiza.

Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich. Njiani akanyang'anywa mali yake yote, akafika pwani ya Bahari ya Shamu hana kitu. Walioana nchini Misri, wakafunga safari kurudi Shoa, lakini njia ilikuwa imefungwa, nao hawakupewa ruhusa kupita. Wakiwa nyikani, si mbali na Massawa, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake, naye akafa. Walimwita Eneba, maana yake katika lugha ya Kihabeshi ni chozi.

Basi walishuka Aden. Hapo Krapf alifanya shauri jipya: mlango wa kaskazini ukiwa umefungwa, atazunguka kwa bahari na kuwafikia Waoromo kwa upande wa kusini. Chombo cha kwanza kilivuja, nao nusura wazame karibu na Aden yenyewe. Wakapanda chombo kingine, na tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja. Sultani Seyyid Said alimpokea kwa heshima, akijua ya kuwa ni Mkristo na ya kuwa amekuja kufundisha dini yake, akampa barua kwa maliwali wake ili wamtendee mema. Tusisahau neno hili: wafalme Wakristo wa Uhabeshi walimfungia mlango, na mfalme Mwislamu wa Unguja akamfungulia.

Mwezi wa Mei 1844 alikaa Mombasa pamoja na mkewe. Akajifunza Kiswahili kwa bidii, na mwezi wa Juni, hata kabla hajaijua lugha vizuri, alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji. Lakini Julai homa iliingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua tena mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai mama akafa, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa ile ile. Waliwazika ng'ambo ya maji, upande wa bara, mahali panapoelekea njia za kwenda ndani ya nchi.

Hapa tungeweza kudhani kwamba habari yake imekwisha. Aliondoka Ulaya kwa ajili ya Waoromo, wala hakuwafikia. Na sasa ana makaburi mawili Mombasa na moja nyikani. Walakini aliwaandikia wakubwa wake wa London kwamba kaburi lile ni ishara kwao ya kuwa vita vimeanza upande huu wa Afrika, na ya kuwa imewapasa kuleta watu wengine. Kisha akarudi kwenye kitabu chake. Milango mitatu ya kwanza ya Mwanzo katika Kiswahili ilipigwa chapa Marekani mwaka 1847.

Alifanya kazi peke yake miaka miwili. Mwezi wa Juni 1846 akaja ndugu mwingine, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Wazee wa Rabai walikubali kuwapa mahali pa kukaa, na tarehe 25 Agosti 1846 wote wawili, wangali wadhaifu kwa homa, wakaupanda mlima wa Rabai kwa shida nyingi. Wakajenga nyumba, wakaanza kufundisha, lakini wasikilizaji walikuwa wachache.

Toka Rabai safari za bara zilianza. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliuona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake. Mwaka ule ule Krapf alikwenda Usambara, akafika Vuga kwa mfalme Kimweri, ambaye alimkaribisha na kuonyesha nia ya kupokea waalimu. Kisha tarehe 1 Novemba 1849 Krapf alitoka Rabai kwenda Ukambani. Alipita nyika kavu ya Taita, akafika Kitui kwa Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyefanya biashara ya pembe hata pwani. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa mweupe. Siku nyingi mawingu yaliuficha, hata tarehe 3 Desemba 1849 yakaondoka, naye Krapf akaziona kwa macho yake pembe mbili za Mlima Kenya.

Habari hizi zilipofika Ulaya, wataalamu kadhaa walizikataa. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, nao hawakuwahi kukanyaga nchi hizi. Baadaye wasafiri wengine, Baron von der Decken katika 1861 na 1862, na Joseph Thomson katika 1883, walishuhudia kwamba wale wamisionari walisema kweli. Lakini Wachaga, Wakamba na Wakikuyu hawakuhitaji kungoja ushuhuda huo. Waliijua milima ile tangu mababu zao, na Krapf na Rebmann waliiona kwa kuwa waliwasikiliza.

Sasa tueleze safari iliyokuwa ngumu kupita zote. Krapf alikuwa amekwenda Ulaya mwaka 1850, na wakubwa walikubali shauri lake la kufungua vituo vipya bara. Julai 1851 alitoka Rabai na wachukuzi kwenda Yata katika Ukambani, apate kujenga huko. Nyikani walishambuliwa na wanyang'anyi, wakaokoka. Walipofika Yata, wachukuzi walimjengea kibanda kibovu kwa haraka, wakaenda zao. Alipoona hawezi kukaa pale peke yake, akaenda kwa Kivoi, naye Kivoi akaahidi kumfikisha mto wa Tana.

Walipokaribia mto, wanyang'anyi waliwavamia ghafula. Watu wakatawanyika, na Kivoi akauawa. Krapf alikimbilia porini, akabaki peke yake, hana chakula wala maji wala kiongozi. Kiu ilimshika sana, akaenda mpaka mtoni akanywa. Hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, basi aliyatia katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba. Mchana alijificha, usiku alitembea, akipapasa njia kati ya miiba. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimkasirikia, wakauliza kwa nini mgeni amepona na mkubwa wao amekufa. Nasi tusiwahukumu upesi, maana msiba wao ulikuwa mkubwa. Alipojua kwamba maisha yake yamo hatarini, akatoroka usiku. Hatimaye akafika Yata, na kutoka huko akashuka hata Rabai, ambako habari zilikuwa zimetangulia kwamba amekwisha kufa.

Kwa hesabu ya wanadamu safari ile ilikuwa hasara tupu. Kituo hakikujengwa, rafiki alikufa, na mali ilipotea. Zaidi ya hayo, wamisionari wenyewe hawakuwa na shauri moja. Krapf alitaka vituo vipangwe kama mnyororo, toka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja, kuijua lugha vema, na kuwangoja watu kwa saburi. Hatusemi kwamba mmoja alikuwa na haki na mwenzake alikosa. Krapf hakuweza kutulia, na pengine alikwenda haraka kuliko nguvu za watu wake. Lakini pasipo yeye Rebmann asingekuwa na Rabai ya kukaa. Na pasipo Rebmann, kazi ya Rabai ingalikuwa kama moto ulioachwa bila wa kuuchochea.

Na mavuno ya miaka ile yalikuwa nini? Wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, mtu mlemavu, maskini, aliyebatizwa alipokuwa karibu na kufa. Krapf alikuwa amewaza taifa zima la Waoromo, naye Mungu akampa Mringe. Baada yake akaamini Abe Gunja, na nyumba yake.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilikuwa imevunjika, akarudi kwao. Mwaka 1858 alipiga chapa kitabu cha habari za safari zake. Mwaka 1862 alikuja tena pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, nao pia walikusudia kuwafikia Waoromo. Yeye mwenyewe hakukaa nao muda mrefu. Miaka yake ya mwisho aliitumia mezani, akiandika lugha za Afrika. Rebmann alibaki Rabai hata 1875, amekuwa karibu kipofu, baada ya miaka 29. Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mwaka uliofuata, 1882, kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka.

Basi tuyapime mambo haya. Makaburi yale yaliita watu wengine. Neno lake la kwamba Kanisa la Afrika litahitaji wachungaji na askofu wa watu wa Afrika lilionekana ndoto katika siku zake, hali Wakristo wa Rabai walihesabiwa kwa vidole. Lakini mwaka 1885 Askofu Hannington aliwaweka William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, nao ni Waafrika. Na mwaka 1955 Festo Olang' na Obadiah Kariuki wakawekwa kuwa maaskofu. Njia ambayo Krapf aliipapasa usiku, akiwa na maji katika mtutu wa bunduki, watu wa nchi wenyewe waliipita mchana, wakiichukua Injili kwa lugha zao.

Enyi waalimu, mkiwafundisha watoto habari za Krapf, msiwaambie habari za milima tu. Waambieni na habari za Eneba, na za Rosine, na za Kivoi aliyekufa njiani, na za wazee wa Rabai waliotoa mahali, na za Mringe ambaye hakuweza kusafiri. Na sisi sote, tunapofungiwa mlango tuliouomba kwa muda mrefu, tusiseme upesi kwamba Mungu ametuacha. Tutazame pale tulipozuiliwa, tuanze kazi pale pale. Pwani hii ilikuwa kwa Krapf njia ya kupitia tu, aende kwingine. Naye Mungu aliifanya kuwa shamba lake.