Mamadou Ndala, mkubwa wa jeshi ambaye raia walikataa aondolewe

Kolonel Mamadou Ndala aliuawa tarehe 2 mwezi wa kwanza 2014 karibu na Beni, akiwa na umri wa miaka 35. Watu wa Kivu Kaskazini bado wanamkumbuka, kwa sababu wakati wake raia na askari walisimama upande mmoja.

Alizaliwa mwaka 1978 huko Ibambi, wilaya ya Wamba, katika jimbo la Haut-Uele la leo. Ndani ya FARDC alifikia kuongoza batayo ya 42 ya makomando.

Alikuta jina la jeshi limeharibika. Mwezi wa kumi na moja 2012, waasi wa M23 waliteka Goma, kisha Sake, mlango wa kuingia Masisi. Wanajeshi walikimbilia Minova, na huko baadhi yao walibaka wanawake na wasichana zaidi ya 100. Kwa raia wengi, kuona askari ilikuwa kuona hatari.

Katika vijiji vya Masisi na Walikale shida hiyo inajulikana tangu zamani. Mara nyingi askari hana kambi ya kweli. Anaishi kati ya wanakijiji pamoja na bibi yake na watoto, ndani ya kibanda cha majani au cha sheeting. Mshahara ukichelewa, njaa yake inaishia katika shamba la raia au kwenye barieri ya barabarani.

Vita viliporudi karibu na Goma katikati ya mwaka 2013, Mamadou alionekana mbele pamoja na vijana wake, huko Mutaho na Kibati. Alisalimiana na raia na kuongea nao njiani. Wakaaji wa Goma walianza kupeleka maji na chakula kwa wanajeshi. Hakuna aliyewalazimisha. Na habari ilipoenea mwezi wa saba kwamba Kinshasa inataka kumwita, watu waliandamana wakidai abaki. Alibaki.

Hata hivyo, mwezi huohuo Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba wanajeshi fulani wa serikali walitendea vibaya wafungwa na maiti za M23. Mapendo ya raia hayakufuta makosa hayo.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, FARDC, wakisaidiwa na kikosi cha MONUSCO cha askari kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, walikomboa Kibumba, Rutshuru, Rumangabo na Bunagana. Tarehe 5 mwezi uliofuata, M23 ikashindwa. Huko Bweremana, wilaya ya Masisi, wapiganaji wa makundi mengine walianza kujisalimisha.

Lakini serikali haikuwa tayari kuwatunza. Wapiganaji wengine wa mashariki walikuwa wamepelekwa mbali, Kotakoli, pamoja na familia zao. Huko zaidi ya watu 100, wakiwemo wanawake na watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa.

Mamadou alitumwa Beni kupigana na ADF. Jeep yake ilipigwa roketi huko Ngadi. Goma na Beni zililia. Alizikwa Kinshasa na kupewa cheo cha jenerali akiwa amekwisha kufa. Mwezi wa kumi na moja 2014, korti ya kijeshi huko Beni ilimhukumu kifo luteni kanali mmoja wa jeshi hilohilo kwa mauaji yake.

Maisha yake yanaonyesha kwamba raia hawachoki kusaidia askari anayewalinda. Lakini bugali na maji ya wamama wa Goma yalikuwa zawadi, hayakuwa mshahara. Huko Masisi na Walikale, bibi ya askari aliyebaki mjane kijijini anaweza kupewa maharagwe na jirani yake. Pensheni na masomo ya watoto ni deni la serikali, na jirani hawezi kulilipa.